Kiti cha Afande

Miaka yote niliyoolewa na dereva, sikuwahi kukaa kiti cha mbele. Mtu ambaye hakulelewa kambini ataona ajabu, lakini sisi watu wa kambi ya polisi tunajua. Kiti cha kushoto kwa dereva ni cha afande, mkubwa wa msafara. Akiwepo, anakaa yeye. Asipokuwepo, kiti kinabaki kitupu, hata begi haliwekwi pale. Mke wa dereva anapanda nyuma na magunia na watoto, na anafunga mdomo.

Mume wangu aliendesha magari ya polisi miaka thelathini. Alipostaafu, sare alirudisha, lakini desturi akaja nayo nyumbani. Tukienda soko la Kikuubo kuchukua unga na sukari, mimi nilikaa nyuma, ndani ya gari letu wenyewe, na kiti cha mbele kikapunga upepo. Siku moja nikamwuliza huyo afande ni nani, nimpelekee chai. Alicheka mpaka akakohoa, lakini mlango wa mbele hakunifungulia.

Kwa hiyo asubuhi ile, nje ya nyumba yetu Kyebando, alipofungua mlango wa mbele kushoto na kusema, "Leo kaa hapa, Mama," nilitazama kwanza nyuma yangu kuona anasema na nani. Majirani walikuwa wanafagia. Nilipanda polepole ili wanione vizuri, nikavuta mtandio wangu, nikakaa wima. Nilidhani mapenzi yamefika, yamechelewa lakini yamefika. Leo najua kwamba hakuwa ananipa heshima. Alikuwa anaazima macho yangu, kwa sababu yake yalikuwa yanazimika, na mbele yetu kulikuwa na siku tatu kwenye njia ya mlimani isiyo na kizuizi kando.

Mimi ni Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza wakaachwa hapa. Yeye ni Mlugbara wa kaskazini. Kiluganda chake kinawachekesha watu wa sokoni, Kilugbara changu kinamchekesha mama mkwe, basi nyumbani tumelea watoto kwa Kiswahili cha kambi, kile cha amri na utani. Baada ya kustaafu alipata gari kuukuu la kupanda milima, akalifufua kwa mikono yake, akaanza kupeleka wageni mlima Elgon, kwenye njia ya juu upande wa Sebei. Siku tatu, kulala mara mbili kwenye mahema. Mpishi wake alikuwa mwanamume mmoja wa Bukoto. Safari hii akaniambia mpishi ana malaria, nije mimi nipike. Baadaye nilimkuta mpishi huyo Bukoto, mzima kabisa, akaniambia mzee mwenyewe ndiye aliyemwomba apumzike.

Dalili zilikuwepo, na mimi nilizifanyia mzaha. Wiki mbili kabla, kioo cha pembeni cha kushoto kiligonga nguzo ya geti letu, geti ambalo amelipita mara elfu. Alimlaumu aliyejenga nguzo. Jioni nyingine alikanyaga sufuria ya maharage niliyoiacha chini kando ya sigiri, ikamwagika yote. Nilimwambia uzee umemwanzia miguuni. Hakujibu, na yeye ni mtu wa kujibu.

Wageni wetu walikuwa wawili, mume na mke kutoka Kenya. Nyumbani kwao wanauona mlima huohuo kila asubuhi kwa upande wa pili, na walipokuja Kampala arusini wakasema hawarudi kabla ya kuuona mgongo wake. Mume alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mrefu wa maneno machache, na alituambia kwamba shambani kwake anaendesha pikapu kwenye matope. Mke wake alikuwa mchangamfu, kamera shingoni, na alikicheka Kiswahili changu kwa upole. Alisema naongea kama ninayemkamata mtu. Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa, na ajihadhari. Tukapendana hapohapo.

Alikaa nyuma yangu, upande wa kushoto, ili apige picha. Hilo nataka likumbukwe.

Barabara ya lami ilikuwa salama. Mume wangu aliendesha kama siku zote, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, wala mimi sikusema neno kuhusu uendeshaji, maana hiyo ni sheria ya pili ya kile kiti. Afande anasema twende wapi na tusimame wapi. Habari za gia na breki si zake. Mama yangu, naye mke wa dereva, alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: ukimsemesha dereva kuhusu barabara umemvua nguo mbele za watu.

Mchana tuliacha lami tukaanza kupanda. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu na mawe, nyembamba, upana wa gari na shubiri kadhaa. Kulia ulikuwa ukuta wa mlima. Kushoto, upande wangu, mashamba ya kahawa yalikuwa chini kwenye mteremko, na chini ya kahawa migomba, na chini ya migomba paa za mabati ndogo ambazo sikutaka kuziangalia mara mbili. Mimi ni mtu wa Kampala. Vilima vyetu vina maduka mpaka juu.

Hapo ndipo alipoanza kuniuliza. "Unaona nini, Mama?"

Sikumbuki aliwahi kuniuliza hivyo tangu tuoane. Nikamwambia kahawa imetoa maua meupe, harufu yake inaingia mpaka ndani.

"Na kando yake?"

"Alizeti. Shamba zima limeangalia huku."

"Na hapa karibu, kando ya njia?"

"Kuna maua mekundu, marefu, sijui yanaitwaje."

Mke wa Mwalimu alicheka nyuma, akasema kumbe wazee wa Kampala wanabembelezana namna hii. Uso ulinipata moto kwa furaha. Na palepale tairi la mbele la kushoto likatumbukia kwenye mfereji, gari likalala upande wangu, na bega langu likagonga mlango. Niliona majani ya migomba chini ya dirisha, chini kabisa.

Alirudisha gari nyuma, akalitoa. Alikuwa anatoka jasho. Akanisemesha kwa sauti ya chini, "Uliniambia ni maua."

"Yalikuwa maua."

"Yalikuwa ndani ya mfereji, Mama."

Sikuelewa. Nilikasirika, nikanyamaza kwa hasira mpaka tulipofika mahali pa kulala, uwanja wa majani juu kabisa, wenye maporomoko ya maji upande mmoja na bonde upande mwingine. Wageni walikwenda kutazama maji kabla jua halijaingia. Mimi niliwasha sigiri, nikachemsha chai, nikamwekea kikombe chake kwenye jiwe, kando ya mkono wake wa kushoto. Akaanza kupapasa. Alipapasa mbele, akapapasa kulia, kisha akakaa na kujifanya hataki chai. Kikombe kilikuwa shubiri moja kutoka kwenye goti lake, mvuke unatoka.

Nikaacha kukoroga. Ile nguzo ya geti ilinirudia, na sufuria ya maharage, na mfereji, vyote kwa pamoja, na vyote vilikuwa upande wa kushoto. Nilikwenda nikakaa kushoto kwake, mikono yangu nimeiweka mapajani.

"Mzee," nikasema, "nimeinua vidole vingapi?"

 "Acha mchezo. Vitatu. Shusha mkono, wageni wataona."

"Mikono iko mapajani."

Hakugeuka. Alitazama mbele palepale, na kidevu chake kikatetemeka. Sijawahi kukiona kikitetemeka, hata tulipozika mtoto. Akaniambia yote kwa maneno machache kama anayetoa taarifa kituoni. Ni presha ya macho. Daktari alimwambia tangu mwaka jana. Mbele anaona, lakini kama anachungulia ndani ya bomba, na jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Dawa ya matone alikuwa nayo, ameificha kwenye sanduku la spana. Kile kilichokufa hakirudi.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka, na yeye hakuuona ukiinuka, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

"Kesho tunarudi," nikasema. "Mwalimu anajua kuendesha. Tunamwambia leo leo."

"Kurudi ni njia ileile. Na ukimwambia, umeniua." Aliipata mikono yangu, akaishika. "Miaka thelathini, Mama. Sikupindua hata gari moja. Niache niwarudishe hawa, kisha funguo nakupa mwenyewe, Kyebando, mlangoni. Wewe niambie tu kilichoko kushoto. Siyo maua. Mawe, mashimo, ukingo. Wewe una macho ya mwewe."

Hapo ndipo nilipokosa. Nilijua ni makosa wakati ule ule, sikudanganywa na mtu. Wale wageni walikuwa wanarudi kutoka kwenye maji, viatu mkononi, mke anacheka, na mimi niliwapakulia wali na kuwauliza kama walipenda. Niliwaficha ili mume wangu asiaibike. Usingizi haukunijia. Nilisikia maji yanaanguka, na kila nikifumba macho naona zile paa za mabati.

Asubuhi ilinyesha mvua fupi, na udongo wa kule ukilowa ni sabuni. Tukaondoka kusonga mbele, maana njia ile huuzunguka mlima na kushukia kwingine. Nilikaa ukingoni mwa kiti, kiganja kwenye dashibodi, na nikaanza kuita njia.

"Kulia kidogo. Jiwe kushoto. Bado. Bado. Pita. Shimo linakuja, kaa kulia. Nyoosha."

Alinifuata neno kwa neno. Nikisema kulia, gari linakwenda kulia. Saa nzima tulikwenda hivyo, na nyuma mke wa Mwalimu akatania kwamba jana nilikuwa nabembeleza, leo namfundisha mzee gari. Nilicheka naye. Kicheko kilikuwa kikavu. Mwalimu hakucheka. Nilimwona kwenye kioo anatazama kisogo cha mume wangu, kisha anatazama ukingo, kisha kisogo.

Upande wetu wa kushoto mashamba yalikuwa yamekwisha. Sasa ilikuwa korongo tu, jiwe tupu linakwenda chini mpaka kwenye miti ambayo kutoka juu ilionekana kama sukumawiki. Mbele kidogo tungeanza kushuka, ukingo kwa ukingo, bila pa kupishana. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu moyoni mwangu: tukishuka pale, njia inapanuka, tumepona.

Kisha ukungu ukaja.

Haukuja kutoka mbali. Ulipanda kutoka korongoni, upande wangu, ukameza ukingo kwanza. Dakika moja niliona majani kando ya tairi, dakika iliyofuata sikuona kioo cha pembeni. Mume wangu aliendelea kwenda, polepole, gia ya kwanza, kwa sababu kwake yeye upande ule ulikuwa mtupu tangu zamani na hakukuwa na kilichobadilika.

"Unaona nini, Mama?"

"Ukungu."

"Na kando yake?"

 Hakukuwa na kando. Tulikuwa watu wanne ndani ya gari, mmoja haoni, na aliyepewa kazi ya kuona naye haoni, na waliobaki hawajui.

"Mama. Niambie kitu."

"Ngoja," nikasema. "Mzee, ngoja. Polepole."

"Naenda polepole."

Gari likateleza. Si sana, kipande tu, matako ya gari yakahamia kushoto kama mtu anayesogea kwenye benchi. Alikanyaga mafuta kidogo kulinyoosha, ndivyo wanavyofanya madereva wanaojua, na ingefaa kama angejua palipoishia ardhi. Nilisikia mawe madogo yanaporomoka chini yangu. Yaliporomoka, na sikusikia yakifika.

"Simama, Mzee, nakuomba," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba, ya mke. Alikuwa ameizoea sauti hiyo. Kwa miaka yote imemwomba asimame anunue nyanya, asimame mtoto akojoe, asimame tumsalimie fulani, na kwa miaka yote amesema tusogee mbele kidogo kwanza.

"Tusogee mbele kidogo," akasema. "Hapa pana utelezi."

Sijui kilichonikalisha wima. Niliegemeza mgongo kwenye kile kiti, nikaweka mikono magotini, nikatazama mbele kwenye weupe ule, na nikatoa sauti ambayo nimeisikia tangu utotoni ikitoka kwenye magari ya kambi, sauti isiyoomba na isiyorudia.

"Dereva. Simamisha gari."

Lilisimama kabla sijamaliza. Breki ya mguu, breki ya mkono, gia, injini ikazimwa, yote kwa mpangilio, na mikono yake ikashuka magotini.

"Ndiyo, afande," akasema.

Hakuwa anatania. Yalitoka yenyewe. Kisha akasikia alichokisema, na mimi nikakisikia.

Nyuma yangu mke wa Mwalimu alifungua mlango wake kidogo ili aone kuna nini. Akaufunga tena, taratibu sana, na akasema kwa sauti ya mtoto, "Huku hakuna chini."

Tulitoka kwa milango ya kulia, mmoja mmoja, bila kutikisa. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikapita juu ya gia na usukani na sketi yangu ndefu, mama mtu mzima, nikitambaa. Nje nikakaa kwenye matope. Mwalimu alizunguka mbele ya gari akishikilia boneti. Matairi yote mawili ya kushoto yalikuwa nusu juu ya ardhi na nusu juu ya hewa, na udongo chini yake ulikuwa unamegeka polepole, tonge kwa tonge.

Niliwaambia pale pale. Sikupamba. Nikasema mume wangu haoni upande wa kushoto, mimi nilijua tangu jana jioni, na nikanyamaza.

Mwalimu hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. Alinitazama na kusema, "Mke wangu alikuwa upande huo." Kisha akaenda kumshika mke wake, kamera bado inaning'inia shingoni. Maneno yale matano ninayo mpaka leo. Huja nikiwa naosha vyombo.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya ukuta wa mlima, kiganja kimegusa jiwe ili ajue lilipo. Nilimwendea. Alikusanya miguu, akanyooka kama anavyonyooka dereva anayemaliza zamu, akatoa funguo mfukoni, na akanyoosha mkono kuelekea nilipokuwa, si sawasawa, kidogo pembeni. Nilisogea mimi ili mkono uwe sawa. Nilipozishika, hakuziachia mara moja.

"Sikupindua hata moja," akasema.

"Hata moja, Mzee."

Akaziachia.

Ukungu uliondoka karibu na adhuhuri. Wanaume wa kijiji kilicho juu walituona, wakashuka na majembe, wakachimba ukuta wa kulia ili gari lipate pa kurudi, wakaweka mawe nyuma ya matairi. Mwalimu aliingia nyuma ya usukani. Alikuwa na hofu, niliiona kwenye shingo yake, na wakati ule mume wangu akasogea karibu na dirisha na kuinamisha kichwa.

"Gia ya chini kabisa, Mwalimu. Usikanyage klachi likianza kutembea. Iache injini ilishike. Nitasikia likikosea, nitakwambia."

Wakalirudisha hivyo. Mmoja anaona, mwingine anasikia. Kila injini ilipolia vibaya mume wangu alisema punguza, au sasa, na lile gari likarudi kwenye ardhi inchi kwa inchi mpaka matairi yote manne yakawa njiani. Kisha tukashuka korongo lote. Mwalimu aliendesha, mke wake hakukubali kupanda, akatembea mbele yetu na fimbo akipima ukingo, na mimi nilitembea naye bila kusemeshwa. Mume wangu alikaa kiti cha nyuma, kulia, peke yake, na mara kwa mara niliisikia sauti yake kupitia dirisha ikisema punguza.

Usiku wa pili tulilala chini, penye tambarare, mahema mawili mbalimbali. Nilipika, wakala. Mke wa Mwalimu alipomaliza alirudisha sahani yake mwenyewe, akaniambia, "Mimi pia ningemficha wangu." Akafikiri kidogo. "Lakini ningekuchukia kama ungekuwa wewe." Nikamwambia ana haki. Akanisaidia kukunja mkeka.

Siku ya tatu Mwalimu aliendesha mpaka Kampala. Asubuhi ile nilipofika kwenye gari, nilikuta mume wangu amesimama kando ya mlango wa mbele kushoto, ameufungua, ananisubiri nipande. Niliufunga. Nikazunguka, nikakaa nyuma, kando yake, upande ule ambao haoni. Kiti cha mbele kilikwenda kitupu njia nzima. Mke wa Mwalimu alibanana nasi nyuma, kulia kwa mzee, na hakuuliza kwa nini.

Tukapita Mbale, tukapita Jinja. Nilimwekea matone ya dawa tuliposimama kununua maji, kichwa chake mapajani mwangu, mbele ya watu, na hakukataa. Mimi nilikuwa bado naogopa. Lami ilikuwa nyoofu, dereva anaona, na bado kila kona mkono wangu ulikamata kiti. Niliogopa kingine sasa. Niliogopa Kyebando, asubuhi ya kesho, ataamka saa kumi na mbili kama kawaida, atavaa viatu, na kisha nini.

Tukaingia mjini, tukakata kuelekea Bukoto. Foleni ilikuwa mbaya. Pikipiki zilipita pande zote mbili zikikwaruza vioo, na Mwalimu alikaza usukani kama bado yuko korongoni. Mume wangu akageuza uso kuelekea kwangu, si sawasawa.

"Unaona nini, Mama?"

Nilivuta pumzi, mdomo ukaanza wenyewe. "Boda kushoto, amebeba magodoro. Mfereji uko wazi mbele, hatua tano. Kuna lori limesimama, kaa kulia..."

"Hapana," akasema. Alinitafuta goti, akalipata. "Si hayo."

 Nilifuta dirisha kwa mtandio. Kando ya barabara, pale wanapouza miche, walikuwa wamepanga makopo yao mpaka ukingoni mwa mfereji, na mwanamke mmoja alikuwa anainyeshea kwa jerikeni lililotobolewa.

"Waridi," nikasema. "Jekundu, halafu jeupe. Halafu yale ya zambarau kama yaliyokuwa kwa mama yako, sijui yanaitwaje."

"Yako wapi?"

"Kushoto, Mzee. Yote yako kushoto."

"Endelea," akasema, na akafumba macho.